Kasha la Bibi na Visanduku vya Al Sadd

Maandiko haya yametokana na kadi ndogo niliyoombwa kuiandika mwaka jana. Niliiandika kwa ukurasa mzima, nayo ikachapwa ikiwa imebakiwa na mistari minne. Mistari hiyo haina uongo. Lakini yaliyokatwa ndiyo yaliyonishughulisha zaidi, na kwa kuwa yanahusu kasha ambalo mfano wake umo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, nimeona niyaweke hapa kwa ukamilifu.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti wa dada yangu anafanya kazi ya kubuni na kutengeneza masanduku ya zawadi hapa Doha, katika mtaa wa Al Sadd, kwenye vyumba viwili vilivyo juu ya duka la mshonaji. Wateja wake wakubwa ni wauza manukato. Mafuta ya udi huuzwa kwa tola, na tola moja ni gramu 11.66, yaani chupa inayofichika ndani ya kiganja. Bei yake yaweza kuzidi mshahara wa mwezi mzima wa karani kama nilivyokuwa mimi. Chupa ndogo namna hiyo haiwezi kujitangaza. Sanduku ndilo linaloisemea. Mwaka jana nyumba moja ya manukato ilimwagiza visanduku 100, kila kimoja na nambari yake, kwa ajili ya wateja wanaokusanya vitu adimu. Sharti lilikuwa moja: vifanane na kasha la Unguja.

Alinijia Ijumaa baada ya chakula, utepe wa kupimia mkononi. "Mjomba," akasema, "nataka kulipima kasha la Bibi."

Kasha hilo limo chumbani mwangu. Bibi yangu mzaa baba alivuka nalo kutoka Unguja hadi Mombasa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nikiwa na umri wa miaka mitano. Vyombo vingi vilibaki. Kasha hakukubali libaki. Ndani yake mlikuwamo nguo zake za harusi, mrashi wa fedha, chetezo, kijaluba cha tambuu, na bahasha ya hati za shamba ambazo hazikuwa na faida tena. Alipofariki mwaka 1986 mimi nilikwisha kuwa Doha, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kasha likaletwa kwangu kwa meli. Karatasi zake za forodha nilizijaza kwa mkono wangu mwenyewe. Nakumbuka nilivyoandika: sanduku moja kuukuu la mbao, halina thamani ya biashara. Ndivyo tulivyoandika kwa kila kitu cha nyumbani, ili kiondoke bandarini bila ushuru. Katika kazi yetu sanduku halikuhesabiwa kuwa kitu. Ulipima mzigo wote, ukatoa uzito wa sanduku, na kilichobaki ndicho kilichokuwa bidhaa. Nilifanya hesabu hiyo kwa zaidi ya miaka 30, bila kufikiri kwamba wazee wetu waliifanya kinyume: bidhaa zilikwisha au zikauzwa, na sanduku likabaki kuwa ndilo urithi.

Tulilivuta kasha katikati ya chumba, tukalitazama kama watu wanaoliona mara ya kwanza. Mbele limefunikwa kwa mabamba ya shaba ya manjano yaliyokatwa kwa nakshi, na baina ya mabamba hayo misumari yenye vichwa vya mviringo imepangwa kwa safu. Hiyo ndiyo kazi ambayo wazee wetu waliiita njumu. Chini kuna watoto watatu, yaani droo, na kila mtoto ana pete ya kuvutia. Juu kuna tumbuu nene ya kutilia kufuli. Ukifunua kifuniko, upande wa kushoto kuna kijisanduku chenye kifuniko chake, mahali pa vitu vidogo vya thamani. Ubavuni kuna mishikio ya chuma ya kubebea. Misumari imepigwa kutoka nje, na ncha zake zimekunjwa ndani ya mbao. Ndani hamkupakwa kitu chochote, mbao ni tupu, na hata leo ukiingiza kichwa unapata harufu ya udi na karafuu, miaka 60 baada ya kuondoka Unguja.

Katika ukoo wetu imesimuliwa siku zote kwamba kasha hili lilichongwa Malindi ya Unguja kwa amri ya babu. Nami niliamini hivyo. Lakini binti yetu, aliyezoea mbao, alikuna kidogo chini ya mguu wake, akanusa, akasema, "Mjomba, huu ni msaji." Basi msaji si mti wa asili wa Unguja. Asili yake ni Bara Hindi, Burma na nchi za jirani. Mbao zilivuka bahari kabla ya Bibi kuvuka.

Na historia inakubaliana na mbao. Sehemu kubwa ya makasha tunayoyaita ya Unguja, au ya Kiarabu, yalitengenezwa Bara Hindi. Wafanyabiashara wa vitu vya kale huyagawa katika makundi matatu: ya Surat, ya Bombay, na yale waliyoyapa jina la Shirazi. Ya Surat hujulikana kwa wingi wa shaba, ya Bombay kwa nakshi iliyochongwa kwenye mbao zenyewe, msaji au shishamu. Majahazi yalikuja nayo kwa upepo wa kaskazi, pamoja na nguo na mchele, na kwa upepo wa kusi yakarudi na karafuu na pembe za ndovu. Makasha hayohayo yalishushwa pia katika bandari za Ghuba. Omani huliita mandusi. Hapa Qatar wazee huliita sanduku la mubayyat, nalo lilikuwa sanduku la bibi harusi kama kwetu. Baadaye mafundi wa Unguja na Lamu nao wakayatengeneza na kuyakarabati. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, anayataja katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886: masanduku ya mbao nzuri yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, ambayo ndiyo yaliyoshika nafasi ya makabati katika nyumba za watu wake.

Hata maneno yetu yanatoa ushahidi. Sanduku ni neno la Kiarabu. Kasha tumelipata kwa Wareno, na bweta, kile kisanduku kidogo cha vito, pia ni la Wareno. Lugha iliyapokea majina kama gati linavyopokea mizigo, bila kuuliza sana.

Sasa nieleze kidogo kazi ya Al Sadd, maana huko ndiko nilikojifunza kuwaheshimu watu ambao sikuwajua. Visanduku vya kawaida vya manukato hutengenezwa kwa kadibodi nzito ya kijivu, hukatwa mfuo kwenye mikunjo ili pembe ziwe kali, hufunikwa kwa karatasi nzuri au ngozi, hutiwa sumaku kwenye kifuniko na mahameli ndani. Hivi 100 vilitakiwa viwe vya mbao. Binti yetu alitaka shishamu. Nilimkumbusha kwamba tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya shishamu na jamaa zake imo katika mkataba wa kimataifa wa viumbe vilivyo hatarini, na mizigo yake huhitaji vibali. Akachagua msaji wa mashamba ya kupandwa. Fundi seremala wake ni mtu wa Kerala, mkimya, aliyekaa Doha kwa miaka 19. Msaidizi wake ni kijana wa Nepal ambaye kazi yake ni shaba.

Shida ya kwanza ilikuwa misumari. Juu ya kasha kubwa, ubao una unene wa kutosha kupokea msumari. Juu ya kisanduku cha urefu wa shibri moja, ubao ni mwembamba, na msumari huupasua. Kijana alijaribu, akaharibu vibao vingi, mpaka fundi akamwonyesha kutoboa kwanza kila tundu kwa kekee nyembamba kuliko msumari, kisha kuugonga kwa nyundo ndogo juu ya gunia la mchanga ili ubao usiruke. Kila kisanduku kilipokea misumari 212. Nilihesabu, maana ukarani hauachiki.

Shida ya pili ilikuwa hewa ya Doha. Kiangazi hapa unyevu wa bahari huingia kila mahali, lakini ndani ya nyumba mashine za baridi huukausha ubao mpaka hujikunja. Kasha la Bibi lilistahimili Unguja na Mombasa bila dosari, likapasuka kifuniko katika chumba changu chenye baridi, mwaka wa tatu tu baada ya kufika. Fundi alilitazama pasuko hilo kwa muda, kisha akaacha nafasi nyembamba kama karatasi katika kila ungo la visanduku vyake, ili ubao upate mahali pa kuvimba na kusinyaa.

Shida ya tatu ilikuwa harufu. Mteja alitaka vanishi ya kung'aa kama kioo, nje na ndani. Lakini vanishi na gundi hutoa harufu zao kwa miezi, na katika kisanduku kilichofungwa harufu hiyo ndiyo itakayomlaki mnunuzi kabla ya udi. Binti yetu alikumbuka ndani ya kasha la Bibi. Akaamuru nje ing'arishwe, ndani pasipakwe kitu ila nta nyembamba ya nyuki. Mbao tupu hunywa harufu na kuitunza. Aliyelitengeneza kasha la Bibi alilijua jambo hilo, hata kama hakuna aliyeliandika.

Baada ya hapo ndipo kadi ilipohitajika. Mnunuzi wa kitu adimu hutaka kisa chake, na mteja alipendekeza kwamba kadi iseme umbo hili ni kazi ya mafundi wa Kiarabu wa Unguja wa karne ya 19. Binti yetu akanipa niandike kwa Kiarabu na Kiswahili, kwa kuwa nilisoma vyote viwili, chuoni na shuleni.

Nilimpigia simu kwanza shangazi yangu aliyeko Maskati, ambaye umri wake umepita miaka 90, maana sikutaka kuandika habari ya kasha pasipo idhini yake. Nilipomweleza habari ya msaji na Surat alikasirika.

"Wewe mwana wa kaka yangu, unataka kutuvunjia heshima? Babu yako alilitengenezesha Malindi. Fundi alikaa ukumbini kwetu mwezi mzima, akila chakula chetu. Alipenda samaki, na mchuzi wa nazi hakuugusa."

"Shangazi yangu, sikukatalii. Huenda fundi huyo alilikarabati, akatia njumu mpya. Jina lake nani?"

Alinyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Fundi tu. Tulimwita fundi."

Tangu siku hiyo jambo hilo halijaniondoka. Tunajua alichokula na alichokataa, tunajua aliketi wapi, na jina lake halimo. Wala halimo popote juu ya kasha. Nimelitafuta chini, nyuma ya watoto, ndani ya kijisanduku. Katika makasha niliyopata kuyaona Unguja, Mombasa na katika Souq Waqif hapa Doha, sikukuta hata moja lenye jina la aliyelitengeneza. Linganisheni na zama zetu. Mwaka 1983 Omani ilipoanzisha nyumba ya manukato ya Amouage kwa matakwa ya Sultani Qaboos, kila mwenye kupenda manukato alijua kwamba aliyeyatunga yale ya kwanza ni Guy Robert, Mfaransa, na kwamba chupa za fedha zilizopakwa dhahabu zilitengenezwa na Asprey wa London, ya wanaume ikichukua umbo la jambia. Majina hayo yalikuwa sehemu ya bei. Jina la mtu wa Surat halikuwa na bei.

Kuna majina mengine pia, na hapa nawaomba jamaa zangu wanivumilie. Jumamosi moja tulipanda metro katika kituo cha Al Sadd, tukashuka Msheireb, kituo cha pili, tukaenda katika nyumba ya Bin Jelmood. Ni jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2015, nalo linaeleza habari za utumwa katika Bahari ya Hindi na hapa Qatar, ambako ulikomeshwa mwaka 1952. Binti yetu alitoka kimya. Tulipokaa kunywa chai akaniuliza, "Mjomba, Babu alipata wapi fedha za kununua kasha?"

Nilimjibu nilivyojua. Ukoo wetu ulikuwa na mikarafuu Pemba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa haikufutwa katika sheria mpaka 1897, na kasha letu, kwa umri ambao wazee hulikadiria, ni la zama hizo. Waliopanda mikarafuu ile ya kwanza na kuichuma hawakuwa wote watu wa hiari. Shaba ile tunayoing'arisha kwa ndimu kila Sikukuu ililipwa kwa jasho ambalo halikulipwa. Sisemi haya ili tuwalaani wazee wetu, nao wamekwisha kwenda mbele ya Mola wao. Nasema kwa sababu sisi wenyewe tumezoea kusimulia yale tuliyoyapoteza mwaka 1964, na ni haki kuyasimulia. Lakini anayedai kumbukumbu ya alichonyang'anywa hana budi kuikubali pia kumbukumbu ya alichochukua.

Basi niliandika kadi. Niliandika kwamba umbo la kisanduku limetoka kwa mafundi wa Surat na Bombay ambao majina yao hayakuhifadhiwa. Kwamba lilipendwa na wenyeji wa pwani ya Waswahili, Omani na Ghuba. Kwamba lilinunuliwa kwa mali ya karafuu na pembe, na kwamba katika mali hiyo kulikuwa na kazi ya watumwa. Na kwamba visanduku hivi vimetengenezwa Doha na seremala wa Kerala na fundi shaba wa Nepal. Mteja aliisoma kwa adabu. Alisema kwamba mtu anayenunua udi kwa ajili ya harusi ya bintiye hataki kusoma habari za huzuni. Ikabaki mistari minne: umbo, mbao, shaba iliyogongwa kwa mkono, na nambari.

Sikumlaumu sana. Yeye anauza furaha. Nilimuuliza binti yetu kama ameudhika. Akaniambia kadi ni ya mteja, lakini chini ya kisanduku, kabla ya kubandika kitambaa cha kuzuia mikwaruzo, ubao ni wake. Akanipeleka karakana. Fundi wa Kerala alikuwa ameshika penseli nyuma ya sikio, na visanduku vimepinduliwa mezani kwa safu. Katika kila kimoja alikuwa akiandika jina lake kwa hati ya Kimalayalam, na kijana wa Nepal akiandika la kwake pembeni, kwa herufi za kwao. Kijana alikuwa akicheka, maana kwa kisanduku cha hamsini mkono ulikuwa umechoka kuliko kugonga misumari. Mnunuzi hatayaona majina hayo. Lakini kitambaa hakidumu kama msaji, na miaka 100 baadaye mtoto wa mtu fulani atakibandua.

Nami nilirudi nyumbani nikafanya jambo dogo. Nilichukua karatasi ngumu nikaandika ninayoyajua juu ya kasha letu: kwamba mbao ni za Bara Hindi; kwamba lilikaa Unguja, likavuka kwenda Mombasa mwaka 1964, likafika Doha mwaka 1986; jina la Bibi na la mama yake; kwamba palikuwa na fundi aliyekaa ukumbini mwezi mzima, hakula mchuzi wa nazi, na hatukumuuliza jina; na kwamba walikuwapo waliochuma karafuu, nao pia hatukuyahifadhi majina yao. Karatasi nimeiweka ndani ya kijisanduku cha kushoto. Pale palipo na jina la fundi nimeacha nafasi.

Shangazi nilimsomea yote kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Andika pia kwamba alikuwa na mwanawe mdogo, akija naye. Mwanawe tulimwita Kasu." Nimeliandika.

Ombi langu kwenu ni jepesi. Mwenye kasha nyumbani, na alipindue. Atazame mbao, misumari, nyuma ya watoto na ndani ya kijisanduku. Amuulize mzee aliye hai ni nani alilileta, ni nani alilibeba, ni nani alilikarabati, na fedha zake zilitoka wapi. Ayaandike ayatakayoyapata, matamu na machungu, ayaweke humo humo. Na asiye na kasha, kwa kuwa liliuzwa au lilibaki, hata jamanda la ukili alilopelekewa halua kutoka Pemba lilisukwa na mtu mwenye jina. Tusilitupe kabla ya kuuliza.